Mwaka 1863 na Majumba ya Posta

Leo nataka tuzungumze kuhusu majumba ya zamani ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, hayo ambayo kila ukikaa muda bila kufika Posta unakuta moja limepungua na mahali pake pamezungushwa mabati. Na nataka tuanze na mwaka mmoja: 1863.

Sheria ya Mambo ya Kale ilitungwa mwaka 1964. Inasema kwamba jengo lolote lililojengwa Tanganyika kabla ya mwaka 1863 ni kumbukumbu inayolindwa, na halingoji mtu alitangaze. Misikiti ya Kilwa Kisiwani, magofu ya Kaole, makaburi ya Kunduchi, yote hayo sheria inayakinga kwa umri wake tu. Lakini lililojengwa mwaka 1863 na kuendelea halina kinga, mpaka Waziri akubali kulitangaza katika Gazeti la Serikali.

Sasa utazame mji wenyewe. Sultani Majid bin Said wa Unguja aliujenga katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Boma la Kale, mojawapo ya majengo mawili makongwe kabisa yaliyobaki, lilijengwa kati ya mwaka 1866 na 1867. Limekosa kinga ya sheria kwa miaka mitatu, minne. Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na karibu kila walichojenga kiko nje ya ule mwaka wa 1863 kwa miongo. Waingereza, ndio usiseme. Maduka ya Wahindi ya Kisutu na Kitumbini, mengi ni ya miaka ya 1920 na 1930. Kwa hiyo jiji kubwa kuliko yote nchini, lililoshuhudia Usultani, Ujerumani, Uingereza na Uhuru, katikati yake karibu hakuna jengo ambalo sheria inalilinda kwa umri wake.

Kilichoniuma zaidi nilipoisoma sheria hiyo ni kwamba mwaka wenyewe hausogei. Walioiandika walirudi nyuma kiasi cha miaka mia moja, jambo la busara kabisa kwa wakati wao. Kama wangeandika "jengo lenye miaka mia moja", leo hii kinga hiyo ingekuwa imekwishafika kwenye majengo ya miaka ya 1920, na karibu kila nyumba ya Mjerumani ingekuwa ndani. Wakaandika tarehe. Sisi tumezeeka, majumba yamezeeka, tarehe imebaki palepale.

Wewe uliye ndani ya mwendokasi muda huu unaelekea Kivukoni, gari likishamaliza Barabara ya Morogoro na kukata kona kuingia Sokoine, inua macho utoke kwenye simu. Boma liko hapohapo, linatazama bandari, upande wanaopandia boti za Unguja. Ni jengo la ghorofa moja, pana, lenye mlango wa mbao uliochongwa kama milango ya Mji Mkongwe. Majid alilijenga kwa ajili ya wageni wake. Wajerumani wakalifanya ofisi. Baadaye likakaa polisi, likakaa jiji, likachoka.

Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nene kiasi kwamba ukiweka mkono kwenye kizingiti cha dirisha, kutoka kiwiko hadi kiganja, mkono wote unaingia. Dari inashikwa na boriti za mikoko. Na boriti hizo ndizo zilizoamua chumba kiwe na upana gani, maana mkoko haukupi mti mnyoofu wenye nguvu ya kubeba sakafu ya mawe kwa zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo sababu nyumba za mawe za pwani, kuanzia Lamu kushuka mpaka Kilwa, zina vyumba virefu vyembamba. Fundi hakuwa na karatasi ya ramani. Vipimo vyake vilikuwa vinaota mikokoni.

Nimezungumza na mafundi wa chokaa, na kila mmoja anarudia jambo lilelile: ukuta wa matumbawe unapumua. Unapokea unyevu wa bahari na kuutoa. Chokaa yake ilitengenezwa kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuri la magogo, kisha ikazimwa kwa maji na kuachwa ikomae ndipo itumike. Ukija leo na mfuko wa saruji ukapiga lipu juu ya ukuta huo ili upendeze, umeuziba. Unyevu unabaki ndani, chumvi inakula jiwe taratibu, maji yanatafuta njia na kuzifikia ncha za boriti zilizozikwa ukutani, na boriti inaoza mahali ambapo hakuna jicho linaloona. Kwa nje nyumba imekwatuliwa vizuri. Siku moja sakafu inashuka.

Tarehe 25 Desemba 2020 tuliona kule Unguja, Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, upande wake mmoja na mnara wa saa vikaporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea. Watu wawili walifariki dunia. Na lile ni jumba lenye jina, liko ndani ya Mji Mkongwe ambao ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na una mamlaka yake maalumu ya uhifadhi. Sasa nyumba isiyo na jina, ya mtaa wa nyuma pale Kitumbini, hali yake ikoje?

Boma la Kale lingeweza kufa kifo kama hicho. Limepona kwa sababu limepewa kazi. Wasanifu majengo wa hapa nchini, pamoja na Halmashauri ya Jiji na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, walilikarabati na kulifanya kituo cha urithi wa usanifu wa majengo wa Dar es Salaam. Ndani mna maonyesho ya jinsi jiji lilivyokua, na kutoka hapo unaweza kuongozwa kwa miguu mitaa ya kati, ukaambiwa hiki ni nini na kile kilikuwa nini. Ningependa kila mwanafunzi wa sekondari wa Temeke na Mbagala apite pale walau mara moja kabla hajamaliza kidato cha nne.

Hatua chache kutoka hapo liko jengo jingine la enzi ya Majid, Nyumba ya Atiman. Inasimuliwa kwamba ilijengwa kwa ajili ya wanawake wa nyumba ya Sultani. Katika miaka ya 1920 ilifika mikononi mwa Wamisionari wa Afrika, wale mapadre tunaowaita White Fathers, na wakaipa jina la Adrian Atiman. Huyu Atiman alikuwa mtoto wa Afrika Magharibi aliyetekwa na kuuzwa utumwani. Wamisionari wakamkomboa, akasomea uganga Malta, akaja kufanya kazi Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, na akatibu watu huko kwa zaidi ya miaka 60. Fikiria uzito wa jambo hili: nyumba iliyojengwa na Sultani ambaye utajiri wake ulitokana kwa sehemu kubwa na utumwa, leo ina jina la mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Ukilibomoa jengo hilo, utaiandika wapi habari hiyo watu waione wakipita njiani?

Nasema hivi kwa sababu kuna hoja ninayoisikia sana, na wanaoisema si wajinga. Wanasema: majumba haya ni ya Sultani, ya Mjerumani, ya Mwingereza, ya Mhindi. Sisi yanatuhusu nini? Tuyavunje tujenge ya kwetu.

Mimi nawaheshimu wanaosema hivyo, lakini nakataa. Aliyechonga lile tumbawe hakuwa Majid. Aliyebeba boriti kutoka jahazini hakuwa Gavana. Waliokoroga chokaa ya yale majumba ya serikali ya Mjerumani kule Kivukoni, yenye baraza pana na mapaa ya vigae, walikuwa watu wa nchi hii, wengine kwa ujira mdogo, wengine kwa kulazimishwa. Kutoka mji huu zilitoka amri za vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, vilivyoua watu wa kusini kwa risasi na kwa njaa. Ukitaka kumweleza mtoto kwamba jambo hilo lilitokea kweli, msimamishe mbele ya kuta zenyewe. Mkoloni alifuta mengi yetu. Sioni faida ya sisi kumalizia kufuta ushahidi wa aliyotutenda.

Na kuna mitaa ambayo hoja hiyo haina hata pa kushika. Wajerumani waliugawa mji kwa kanuni za ujenzi, na Waingereza wakaendeleza: Uzunguni kule ufukweni, Uhindini katikati, Waafrika Kariakoo, Mnazi Mmoja pakiwa wazi katikati kuwatenganisha. Kariakoo ndiko zilikokuwa nyumba zetu za Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza mbele. Katika nyumba na vibaraza hivyo ndimo siasa za TANU zilimoshika mizizi baada ya Julai 1954. Nani amezivunja? Tumezivunja sisi wenyewe, moja baada ya nyingine, tukapandisha maghorofa ya maduka. Hakuna Sultani wala Mhindi hapo wa kusingiziwa.

Sasa tuseme jinsi jengo linavyokufa. Hili nataka tulielewe vizuri, maana watu hudhani jengo la zamani linakufa siku linapokuja tingatinga. Siku hiyo ni mazishi tu.

Kifo huanza na bati moja. Bati limetoboka, maji yanaingia, mpangaji anatoa taarifa, hakuna anayekuja. Mpangaji analipa kodi ndogo ya zamani, na mwenye nyumba, awe mtu binafsi au shirika, anaona kodi hiyo haitoshi hata kununua misumari. Msimu wa pili wa masika dari inaota madoa meusi. Roshani inalegea, nguzo moja ya mbao inawekwa kuishikilia, na watu wanazoea kupita pembeni ya nguzo. Wenye uwezo wanahama. Vyumba vya juu vinakuwa stoo za maboksi ya duka la chini, mabomba yanang'olewa, mbao za ngazi zinapungua. Hapo ndipo anapokuja mtaalamu na kuandika kwamba jengo ni hatarishi kwa maisha ya watu. Na anasema kweli! Limekuwa hatarishi. Lakini hakuna anayeulizwa kwa nini limeachwa miaka kumi na tano likifikia hali hiyo. Barua ya kuhama inakuja, mabati yanazungushwa, na mwisho wa juma, ofisi zikiwa zimefungwa, nyundo zinaanza kulia. Jumatatu unakuta kifusi.

Tukitaka kujua kwa nini Uhindini inakufa hivi, turudi mwaka 1971. Mwezi Aprili mwaka huo serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakuyakaa yote. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na kufikia 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Leo sina nia ya kupima kama utaifishaji ule ulikuwa haki au dhuluma. Familia zilizopoteza nyumba zina uchungu wao na wapangaji waliopata pa kuishi mjini wana shukrani zao. Ninachotaka uone ni kwamba kwa siku moja maelfu ya nyumba zilipata mwenye mali mmoja, mwenye kukusanya kodi ndogo na kubeba gharama ya matengenezo ya majengo yanayozeeka kwa pamoja. Soko lilipofunguliwa, njia ya haraka ikawa ubia: shirika linatoa kiwanja, mwekezaji analeta fedha, nyumba ya ghorofa mbili inaondoka, ghorofa kumi na kitu zinapanda, watu wanagawana. Kwa mahesabu ya siku hiyo, kila aliyekaa mezani anafaidika.

Pita Zanaki au Jamhuri au Indira Gandhi, tazama juu, maana chini utaona duka la simu tu. Juu kabisa, kwenye paji la nyumba, kuna jina la familia iliyojenga na mwaka: 1932, 1938, 1949. Ukuta wa kona umepindishwa kwa mviringo, roshani zina michirizi ya mlalo kama ilivyokuwa mitindo ya dunia nzima wakati ule. Duka chini, familia juu, ua ndani unaoleta hewa na mwanga. Mafundi wa hapa walikuwa wanakwenda sambamba na Bombay na Ulaya. Ni sehemu ya historia ya ujenzi ya nchi hii kama lilivyo Soko la Kariakoo la msanifu wetu Beda Amuli, lililojengwa miaka ya 1970, likaungua Julai 2021. Lile soko halikufagiliwa mbali. Lilikarabatiwa, na jambo hilo nalipongeza kwa moyo wote.

Jengo la Salamander halikupata bahati hiyo. Wakazi wa zamani wa jiji wanalikumbuka, kwenye kona ya Samora na Mkwepu, katika mtaa ambao Mjerumani aliuita Unter den Akazien, Mwingereza akauita Acacia Avenue, Uhuru ukaja ukawa Independence Avenue, kisha ukapewa jina la Samora Machel. Palikuwa na mgahawa chini, meza zikiwa karibu kabisa na wapita njia, na pale walikutana makarani, waandishi wa habari, mawakili na watu wasio na shughuli yoyote. Lilivunjwa katika miaka ya 2010. Mahali pake panasimama jengo refu la ofisi, na jengo hilo linaitwa Salamander Tower. Jina lilionekana kuwa na thamani. Kilicholibeba jina kwa miaka yote hiyo kikaonekana kifusi.

Najua msikilizaji mwingine anasema: bwana, sisi ni nchi maskini, kiwanja cha Posta ni ghali kama dhahabu, tunahitaji ofisi na makazi, wewe unatuletea habari za roshani. Hoja hiyo ina uzito na inastahili jibu la hesabu.

Kiwanja kilichopangiwa familia nne na duka, ukikiwekea ghorofa kumi na sita, mtaa unabaki na upana uleule, bomba la majitaka lilelile, mfereji uleule wa mvua, na mahali pa kuegesha magari hakuna. Yeyote anayefanya kazi mjini anajua Kisutu inavyokuwa mvua ikinyesha saa moja tu. Kisha kuna usalama. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa kumi na sita lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka likaua watu 36, wakiwamo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Siwezi kusahau wiki ile. Tuliambiwa maghorofa ndiyo maendeleo na nyumba kuukuu ndiyo hatari, na nyumba kuukuu za mtaa huohuo zilikuwa zimesimama.

Halafu joto. Waliojenga kabla ya viyoyozi iliwabidi waujue upepo. Baraza lilizuia jua lisipige ukuta, madirisha yalielekezwa yapokee kusi na kaskazi, dari ziliinuliwa juu ili joto lipande. Leo tunajenga kioo kitupu kwenye mji wa nyuzi joto 32, kisha tunanunua umeme kupoza tulichokipasha moto wenyewe. Umeme ukikatika jengo zima linatoka nje kusimama chini ya mwarobaini.

Na jiji halina uhaba wa mahali pa kupandisha majengo marefu. Wala nafasi za ofisi hazikosekani: wizara zimehamia Dodoma. Yale majengo ya Mjerumani ya Kivukoni na Magogoni, yaliyokuwa yamejaa makabati ya mafaili, yanahitaji shughuli mpya, na shughuli zipo tele: mahakama, maktaba, vyuo, makumbusho, ofisi za vijana wanaoanza biashara. Hofu yangu ni kwamba jengo la serikali lililo tupu ndilo linalooza haraka kuliko yote, kwa kuwa hakuna hata mpangaji wa kulalamika kuhusu lile bati.

Kuhusu mwenye nyumba anayenyimwa ruhusa ya kupandisha ghorofa, naye ana haki ya kuuliza: hasara yangu analipa nani? Mumbai wamelijibu swali hilo. Mwenye jengo lililo kwenye orodha ya urithi anaweza kupewa hati ya ule urefu ambao angejenga na hakujenga, akamuuzia mjenzi wa eneo jingine lililopangiwa majengo marefu. Fedha anazipata, nyumba inabaki, na maghorofa yanakwenda mahali ambapo barabara na mabomba yanayamudu. Utaratibu huo unahitaji rejista safi na watumishi waaminifu, nakubali. Lakini hauhitaji hazina ya serikali itoe mamilioni.

Narudi sasa kwenye ule mwaka wa 1863.

Mwaka 1995 serikali ilitangaza majengo kadhaa ya katikati ya Dar es Salaam kuwa ya kulindwa. Ilikuwa hatua kubwa. Katika miaka ya 2000 baadhi yake yakaondolewa kwenye orodha kwa njia ileile yaliyoingilia, tangazo tu. Hapo ndipo ubovu wa utaratibu wetu ulipo. Kinga inayotegemea tangazo inaweza kuondolewa na tangazo, na jengo ambalo halijatangazwa lina nafasi ya kuvunjwa kabla ofisa wa Mambo ya Kale hajajua kwamba lipo.

Afrika Kusini walibadili mwelekeo wa mzigo. Sheria yao ya urithi ya mwaka 1999, kifungu cha 34, inasema hakuna mtu anayeruhusiwa kubadili au kubomoa jengo lolote lililozidi miaka 60 bila kibali cha mamlaka ya urithi ya jimbo. Haisemi kila jengo la miaka 60 libaki milele. Mengi yanapewa kibali na yanavunjwa. Inachodai ni kwamba kabla nyundo haijapigwa, mtu mwenye ujuzi alitazame jengo, aandike ni nini, na aeleze kwa nini liende au libaki. Anayetaka kubomoa ndiye anayebeba mzigo wa kueleza. Kwetu, anayetaka kuhifadhi ndiye anayekimbizana na mabati. Na miaka 60 inasogea yenyewe: kwa kipimo hicho leo yangekuwa yanalindwa mpaka majengo ya miaka ya kwanza ya Uhuru, ambayo hakuna mtu anayeweza kusema hayatuhusu.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza liende kwa wabunge, hasa wale wa mkoa huu. Sheria ya mwaka 1964 ifanyiwe marekebisho, tarehe iondoke, uwekwe umri. Ni kifungu kimoja. Ombi la pili kwa Halmashauri: kibali cha kubomoa jengo la katikati ya jiji kisitoke mpaka Idara ya Mambo ya Kale iwe imelikagua na kuweka maoni yake kwa maandishi, na maoni hayo yabandikwe mahali wananchi wanaposoma.

La tatu nakupa wewe, msikilizaji. Kama unaishi, unafanya kazi au una duka kwenye jengo la zamani pale mjini, wiki hii toka nje uvuke upande wa pili wa barabara ulipige picha, mbele na kila pembe unayoiweza. Andika mwaka na jina lililo juu ya paji lake, mtaa na namba ya kiwanja. Muulize mzee anayelijua aliyekaa humo ni nani na palifanyika nini. Fanya nakala mbili, moja ipeleke Idara ya Mambo ya Kale, nyingine Boma la Kale, Sokoine Drive. Jengo ambalo lina faili ni gumu zaidi kuvunjwa usiku.